Bolti Imekatikia Ndani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaojitengenezea Magari

Maswali haya ni ya mtu anayetengeneza gari lake mwenyewe nyumbani na bolti imemkatikia. Yanaanzia dakika ya kwanza na kuishia kwenye hali ngumu. Mwenye haraka asome swali la 1 na la 2, kisha aende kwenye njia inayomhusu.

## Kabla hujagusa kitu

1. Bolti imekatika sasa hivi. Nianzie wapi?

Weka spana chini. Bolti iliyokatika ni kazi ya saa moja au mbili. Bolti iliyokatika, ikatobolewa kombo, kisha ekstrakta (chuma kigumu kinachoingizwa katikati ya bolti iliyokatika ili kuizungusha itoke) ikakatikia ndani yake, hiyo inaweza kukufikisha kwenye kushusha injini. Uharibifu mwingi hautokani na bolti kukatika, unatokana na yale mtu anayoyafanya kwa hasira mara tu baada ya hapo.

Okota kichwa kilichong'oka na ukitunze. Kinakuonyesha unene wa bolti, umbali kati ya uzi na uzi (uzi ni mistari iliyochongwa kuizunguka bolti), na alama ya nguvu ya chuma. Kisha fungua bolti nzima ya aina ileile iliyo jirani na uipime: urefu wake ukitoa kipande ulichonacho ndio urefu wa kisiki kilichobaki. Kipimo hicho utakihitaji ukifika kwenye kutoboa.

Maliza kufungua bolti nyingine na uondoe kifaa kilichokuwa kimeshikwa. Wengi huanza kuhangaika na kisiki kilichozama ndani ya tundu la pampu ya maji, kumbe pampu ikitoka kisiki kinabaki kimechomoza sm 1 au zaidi, na plaizi inakishika.

2. Kuna haja gani ya kujua kwa nini imekatika?

Sababu ndiyo inayochagua njia. Ikiwa ilikatika wakati unaikaza, uzi ulio ndani ni mzima na haujaganda. Kichwa kilipong'oka mvutano uliisha, kwa hiyo kisiki kimelegea. Hiki mara nyingi hutoka kwa kusukumwa na ncha ya panchi kuelekea kushoto.

Ikiwa ilikatika wakati unaifungua, ilikuwa imeganda. Fikiria hapo: bolti nzima yenye unene wa mm 8 imevunjika kabla ya kuzunguka, sasa ekstrakta ya mm 4 iliyoingizwa katikati yake itaizungushaje? Bolti ya aina hii inataka moto, kuchomelewa nati, au kutobolewa yote.

Ikiwa ilikatika yenyewe barabarani, tazama uso wa mkato. Sehemu laini yenye mistari kama ya ufukweni, pembeni yake sehemu chakavu, ni dalili ya chuma kuchoka, na kwa kawaida bolti hiyo ilikuwa imelegea muda mrefu. Kisiki hutoka kirahisi, lakini kagua na bolti wenzake.

3. Gari langu si la zamani. Mbona bolti za chini zimeganda hivi?

Magari mengi yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam yametumika Japani, na mikoa ya kaskazini ya huko, kama Hokkaido, humwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji. Chumvi hiyo hujificha kwenye maungio ya ekzosi na miguu ya gari. Likiishi pwani baada ya hapo, hewa ya bahari inaendeleza kazi.

Kuna pia bolti ya chuma iliyofungwa kwenye alumini. Vyuma viwili tofauti vikikutana na unyevu, alumini huliwa na kutoa unga mweupe unaojaza nafasi kati ya uzi na uzi. Ukiona unga huo, mafuta peke yake hayatatosha.

4. Naweza kuliendesha hivyo hivyo hadi mwisho wa wiki?

Bolti ya breki, ya usukani, ya mguu wa gari, ya kikazio cha mkanda wa taimingi au ya kumwagia oili: hapana, gari lisitembee. Bolti moja ndogo ya kifuniko cha juu cha injini ikikosekana unaweza kufika unakokwenda, ukikagua oili njiani. Stadi (bolti isiyo na kichwa, inayofungwa kwa nati) moja ya manifoldi ya ekzosi ikikosekana italeta kelele na moshi unaoweza kuingia ndani ya gari. Endesha umbali mfupi tu, vioo wazi. Kuhusu stadi ya tairi, tazama swali la 14.

5. Ninunue vifaa gani?

Panchi ya kuwekea alama, nyundo ya gramu 500, brashi ya waya, plaizi ya kujifunga, na miwani ya kukinga macho. Biti za drili za mm 3, 5, 6.5 na 6.8, ziwe za kobalti. Zina alama ya HSS-Co au M35. Biti zenye rangi ya dhahabu zinazouzwa kwa seti kubwa za bei rahisi zimepakwa rangi hiyo juu tu, na kwenye bolti ngumu hufa mapema. Ongeza tapu za kukatia uzi za M6x1.0, M8x1.25 na M10x1.25 (namba ya kwanza ni unene wa bolti kwa mm, ya pili ni umbali kati ya uzi na uzi), ambazo zinatosha kwa sehemu kubwa ya gari la Kijapani. Ukizipata biti zinazokata kwa kuzunguka kushoto, zinunue bila kusita. Sababu iko kwenye swali la 10. Gerezani Dar es Salaam na Kirinyaga Road Nairobi ni pa kuanzia.

Ekstrakta haimo kwenye orodha hii kwa makusudi.

## Kukitoa kisiki

6. Kisiki kimechomoza. Nifanyeje?

Kisugue kwa brashi ya waya, kitilie mafuta ya kulegeza, kisha kigonge kichwani kwa nyundo mara 20 au 30, si kwa nguvu ya kukiumiza. Mtikisiko huo huvunja kutu na kuyavuta mafuta ndani. Kikibaki nje mm 6 au zaidi, kibane kwa plaizi ya kujifunga karibu kabisa na shina.

Anza kwa kukaza kidogo, siyo kufungua. Kikisogea hata nywele moja, rudi kushoto, kisha kulia tena, huku ukiongeza mafuta. Kukilazimisha upande mmoja tu kunasukuma uchafu wa kutu mbele yake hadi kikwame kabisa.

Uzi wa juu ukiwa mzima, funga nati mbili zikazane zenyewe kwa zenyewe, halafu zungusha ile ya chini kwa spana. Ukiwa umeharibika, chonga nyuso mbili bapa kwa tupa ili spana mdomo ishike. Kukata mfereji wa bisibisi kwa msumeno kunafaa kwa kisiki kilicholegea tu.

7. Mafuta gani yanalegeza kweli?

Yaliyoandikwa kwamba ni ya kupenya kutu. WD-40 ya kopo la kawaida ilitengenezwa hasa kufukuza unyevu. Inasaidia, lakini si bingwa wa kazi hii. Mchanganyiko wa mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, unafanya kazi vizuri sana. Utikise kila mara kwa sababu hujitenga, na usiulete karibu na moto.

Mafuta ya breki yaache: hubabua rangi ya gari. Na mafuta yoyote yanataka muda. Tia jioni, gonga, tia tena asubuhi. Dakika tano hazitoshi.

8. Na moto?

Moto ndio unaoshinda kutu. Bolti ikiwa ndani ya chuma cha kusubu, ipashe yenyewe hadi iwe nyekundu, iache ipoe, ndipo ujaribu. Kutanuka na kusinyaa huvunja kutu. Ikiwa bado ya moto kiasi, igusishe mshumaa: nta huyeyuka na kupenya ilipoganda.

Kwenye alumini, pasha alumini inayoizunguka, kwa sababu inatanuka karibu mara mbili ya chuma na tundu linafunguka. Angalizo kubwa: alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka. Unaitazama ni nzima, ghafla kona imedondoka. Cheza na moto kwa kupitisha, usiutulize mahali pamoja.

Ondoa kwanza mabomba ya mafuta, nyaya, raba na grisi. Mahali palipopuliziwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini pasipashwe moto wala kuchomelewa hadi pawe pakavu kabisa. Mvuke wake ukikutana na joto kali hutoa fosjini, gesi ya sumu inayoua.

9. Kuchomelea nati juu ya kisiki kunafanywaje?

Kwa bolti iliyoganda hii ndiyo njia bora, hata ikiwa imekatika sawa na uso. Inaleta joto katikati ya bolti yenyewe na inakupa kichwa kipya kwa mkupuo mmoja. Kama huna mashine, ita mchomeleaji.

Ng'oa waya za betri, ukianza na hasi. Bana waya wa ardhi karibu na bolti. Weka washa (pete bapa ya chuma) juu ya kisiki, ichomelee kuanzia katikati ya tundu lake, kisha weka nati juu ya washa na uijaze chuma ndani. Mashine ya waya na gesi ni rahisi zaidi. Kwa elektrodi tumia ya mm 2.5 na uondoe gamba kila unapoongeza, la sivyo nati itang'oka na gamba lake.

Subiri wekundu uishe, kisha zungusha taratibu kulia na kushoto. Ikiwa nati imeng'oka, chomelea nyingine. Kurudia mara tatu au nne ni kawaida, na kila mara bolti inapata joto jipya. Ndani ya alumini usiogope sana: chuma cha elektrodi hakishikani vizuri na alumini.

10. Imekatika ndani na siwezi kuchomelea. Natoboaje?

Kazi yote iko kwenye alama ya katikati. Sawazisha uso wa mkato kwa tupa au kwa jiwe dogo la grainda, weka alama ya panchi, tazama kutoka pande mbili, na kama imekwenda kando isukume kwa kuinamisha panchi kabla ya kuongeza kina. Tumia dakika kumi hapa. Ukiweza, tengeneza kiongozi: bolti nyingine ya ukubwa uleule iliyotobolewa katikati na mchonga vyuma, au bushi inayoingia kwenye tundu la kifaa kilichokuwa kimefungwa.

Anza na biti ya mm 3, mzunguko wa kama 1500 kwa dakika, kisha mm 5 kwa kama 900. Sukuma kwa nguvu, zungusha polepole, tia oili. Biti inayozunguka haraka bila kukata huunguza chuma na kukifanya kigumu zaidi. Usipite urefu uliopima kwenye swali la 1, kwa sababu nyuma ya matundu mengine kuna maji ya rejeta au oili.

Biti ya kushoto inakata huku ikivuta kuelekea upande wa kufungua. Mara nyingi kisiki husokotwa nje hata hujamaliza kutoboa, na ndiyo maana tulisema usisite.

Kisipotoka, panua hadi kubaki ganda tu. Kwa bolti ya M8x1.25 pita mm 6.5, kisha mm 6.8. Ukiwa umetoboa katikati sawasawa, utaanza kuona ncha za uzi wa tundu; ganda lililobaki ling'oe kwa sindano ya chuma, halafu pitisha tapu. Biti ya mwisho ni mm 5.0 kwa M6x1.0, mm 8.8 kwa M10x1.25, na mm 10.8 kwa M12x1.25.

11. Ekstrakta itumike lini basi?

Pale tu kisiki kimelegea lakini hakishikiki, yaani bolti zilizokatika zikikazwa. Zile za kusokota zenye umbo la koni hutanua kisiki na kukibana zaidi tunduni. Zilizonyooka zenye kingo ni afadhali. Tumia mpini wa tapu wa mikono miwili, si spana ya upande mmoja, na ikikataa kwa nguvu ya kawaida ya mkono, iache. Chuma chake ni kigumu na hukatika bila onyo.

## Mambo yakiharibika

12. Ekstrakta (au tapu) imekatikia ndani. Je, nitoboe?

Biti za kawaida, hata za kobalti, zitateleza tu juu yake. Jaribu kuivunja vipande kwa panchi kali na nyundo, kwa sababu ugumu wake unaifanya ipasuke kama kioo, vaa miwani. Ikiwa imechomoza, chomelea nati. Hatua inayofuata ni kuisaga kwa biti ya kabaidi (ngumu kuliko chuma cha biti za kawaida) kwenye grainda ndogo ya kalamu, kazi ya uvumilivu. Ikishindikana, karakana zenye mashine ya kula chuma kwa cheche za umeme huitoa bila kugusa uzi, ila kifaa lazima kipelekwe huko.

13. Nimetoboa kombo au uzi wa tundu umekufa. Tundu limekwisha?

Halijaisha. Weka uzi wa kuchomeka wa waya uliosokotwa, unaojulikana kwa jina la Helicoil. Kwa M8x1.25 unatoboa mm 8.3, kwa M6 mm 6.3, kwa M10x1.25 mm 10.3, unakata uzi kwa tapu iliyo ndani ya seti hiyohiyo, kisha unauzungushia ndani hadi uzame robo hadi nusu mzunguko chini ya uso. Kidole chake cha chini kivunje kwa panchi na ukitoe. Kwenye injini paka grisi kwenye biti na tapu ili inase vumbi la chuma.

Ukiwa umekwenda kombo, lisukume tundu katikati kwanza kwa biti ya kabaidi upande uliobaki chuma kigumu, kwa sababu biti ya drili itafuata alumini laini daima. Gundi ya chuma ya mirija miwili si uzi. Kwa bolti yoyote inayobeba mzigo, usiijaribu.

## Sehemu zenye mambo yake

14. Stadi ya tairi

Hii ni rahisi kuliko inavyotisha. Imeingizwa kwa kubanwa, haikufungwa kwa uzi. Toa tairi, kalipa na diski au dramu, zungusha habu hadi penye nafasi, igonge itoke kwa nyuma. Ingiza mpya, weka washa kadhaa zilizopakwa grisi na nati iliyogeuzwa, vuta hadi kichwa kikae. Kwenye baadhi ya magari hakuna nafasi nyuma na habu lazima itolewe.

Uliza uzi kabla ya kulipa: Toyota, Honda na Mazda ndogo ni M12x1.5, Nissan, Subaru na Suzuki ni M12x1.25. Nati ya moja huanza kuingia kwenye nyingine, ikaua uzi wote. Ndivyo stadi nyingi zinavyokatika. Endapo imebaki stadi moja pungufu, nenda taratibu hadi pa kutengeneza. Zikipungua mbili, usiende.

15. Stadi za manifoldi ya ekzosi

Za miishoni hukatika kwanza, kwa kuwa manifoldi hutanuka kwa urefu wake na kuzivuta pembeni kila injini inapopata moto. Ukikuta moja imekatika, zitilie nyingine mafuta siku mbili kabla, na uzifungue injini ikiwa vuguvugu. Kisiki kitataka nati ya kuchomelea. Kagua pia kama manifoldi imepinda: iweke rula, maana iliyopinda itakata stadi mpya vilevile.

16. Nipo (skrubu ndogo yenye tundu) ya kutolea hewa ya breki

Ina tundu katikati, ndiyo maana inajisokota kama bomba. Kabla ya kuifungua, ingiza shina la biti ya drili inayokaa sawasawa ndani yake, isije ikajikunja. Ikishakatika, usiitoboe ukubwa wote: chini yake kuna kikalio cha koni kinachozuia mafuta, na kikikwaruzwa kalipa haifai. Kubadilisha kalipa mara nyingi ni nafuu.

17. Bolti ya silinda hedi

Hedi ikitoka kisiki huwa kimelegea lakini kiko chini sana. Funika silinda, tumia bomba jembamba kuongoza biti. Kabla ya kufunga mpya, kausha matundu yasiyo na njia ya kutokea. Oili au maji yaliyobanwa chini ya bolti hupasua bloku. Bolti zinazokazwa kwa kuzungushwa digrii kadhaa za pembe hurefuka bila kurudi na hubadilishwa zote, si moja.

## Kufunga mpya

18. Ninunue bolti ya aina gani?

Ileile. Alama 8.8 inamaanisha chuma huvunjika kwa megapaskali 800 na huanza kurefuka bila kurudi kwenye asilimia 80 ya hapo, yaani 640. Bolti nyingi za Toyota zina tarakimu moja, kama 4 au 7: ni kilo 40 au 70 kwa milimita ya mraba. Kuweka yenye alama 12.9, ambayo ni ngumu zaidi, "ili isikatike tena" si busara. Bolti laini imewekwa ikatike yenyewe badala ya alumini.

19. Niikaze kiasi gani?

Kitabu cha gari kwanza. Kikikosekana, bolti kavu ya 8.8 kwenye chuma huchukua takriban Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 10 kwa M6, 25 kwa M8, 49 kwa M10 na 85 kwa M12. Kwenye alumini punguza. Nm 10 ni uzito wa kilo 5 tu kwenye mwisho wa spana ya sm 20, na hapo ndipo mikono mizito huvunja bolti za kifuniko cha injini. Nati za tairi za Toyota ndogo nyingi ni Nm 103.

20. Nipake grisi ya shaba au gundi ya uzi?

Grisi ya shaba inafaa kwenye ekzosi, ila inapunguza msuguano, kwa hiyo kiwango kilekile cha kukaza huvuta bolti zaidi. Punguza kama robo. Nati za tairi zifungwe kavu. Gundi ya uzi ya bluu hufunguka kwa spana. Nyekundu inataka moto, na ukiipaka pasipotakiwa utarudi swali la 1.

Bolti zinazoingia kwenye njia ya maji, kama baadhi za pampu ya maji, zinataka gundi ya kuziba kwenye uzi. Ukisahau, maji yatapanda juu kupitia uzi huo, yashushe kutu chini yake, na mara ijayo bolti itakatikia palepale.